Kiungo Hutazama Kabla Mpira Haujafika

Garissa, Kenya, watu huenda kwenye mazoezi ya mpira baada ya swala ya alasiri na kutawanyika kwa adhana ya magharibi. Ni muda wa saa mbili na ushei, mara nyingi kwenye mchanga mtupu, na Februari au Machi mji umeshinda kwenye joto la nyuzi 35 au zaidi. Mchezaji akianza kujikokota, kocha humwambia miguu imemwisha. Huenda miguu bado ipo.

Mwaka 2001 Lars Nybo na Bodil Nielsen wa Denmark waliwaendeshesha watu baiskeli kwenye joto mpaka miili yao ikafika nyuzi 40 kwa ndani, kisha wakawataka wakaze misuli ya paja kwa dakika mbili mfululizo. Nguvu ilishuka haraka. Lakini neva ya mguu ilipopitishiwa umeme, misuli ilionyesha kwamba ina akiba. Ubongo ndio uliokuwa umepunguza amri. Kwa hiyo maji na kivuli ni sehemu ya mazoezi, si kudekezwa.

Akili ya mchezo nayo hufunzwa. Geir Jordet wa Norway alichambua video za wachezaji 118 wa Ligi Kuu ya Uingereza, akahesabu mara ngapi kila mmoja aligeuza kichwa kabla ya kupokea mpira. Waliotazama zaidi ndio waliofikisha sehemu kubwa zaidi ya pasi zao. Kwenye mchanga jambo hili ni gumu, maana mpira hudunda ovyo na jicho linaogopa kuuachia. Dawa ni kutazama mapema, mpira ukiwa bado mguuni kwa anayepiga, kisha kurudisha jicho kwenye mdundo wa mwisho. Kocha asimame nyuma ya kiungo na kuinua vidole. Kiungo ageuke, ataje idadi, ndipo atulize mpira. Zoezi hili halina gharama. Miwani inayoziba na kuachia mwanga kwa zamu, na michezo ya kompyuta inayouzwa kama mafunzo ya ubongo, humfanya mtu awe hodari wa mazoezi hayohayo. Kwamba ustadi huo unahamia uwanjani, ushahidi ni hafifu.

Kuna pia FIFA 11+, dakika 20 za kupasha mwili moto: kusimama kwa mguu mmoja huku mwenzako akikusukuma, kuruka na kutua goti likiwa limekunjwa. Neva na misuli hujifunza kushirikiana kabla goti halijapinda vibaya. Miongoni mwa wasichana wachezaji wa Norway, kwenye utafiti uliochapishwa 2008, majeraha yalipungua kwa takriban theluthi moja.

Ramadhani hubadilisha hesabu. Anayecheza baada ya tarawehe na kuamka kula daku hulala kidogo, na usingizini ndimo ubongo unamokomaza mbinu ulizojifunza mazoezini. Mwezi huo kocha arudie ya zamani. Mapya yangoje Shawwal.