Mkato Unaoamua ni Wangapi

Chukua barua ya shule iliyoandikwa kwa Kiingereza: "Parents who have not paid fees should see the bursar." Wanaoitwa ni wale wanaodaiwa tu, aliyekwisha kulipa anaikunja barua na kuendelea na shughuli zake. Sasa tia mikato miwili: "Parents, who have not paid fees, should see the bursar." Maneno ni yale yale, lakini barua imewatangaza wazazi wote kuwa wadaiwa, na wote wanatakiwa wafike kwa mhasibu.

Tofauti hiyo inatokana na kazi ya kishazi rejeshi, yaani kile kipande kinachoanza na "who", "which" au "that" na kuieleza nomino iliyotangulia. Kisipokuwa na mkato, huchagua: kati ya wazazi wengi, kinawatenga baadhi. Kikiwa na mikato hakichagui mtu. Kinalichukua kundi zima kama lilivyo, kisha kinaongeza habari juu yake. Ndiyo maana mikato huja miwili, wa kufungua na wa kufunga, kama mabano. Wengi huweka wa kwanza wakausahau wa pili, na msomaji asijue nyongeza imeishia wapi.

Sisi wasemaji wa Kiswahili jambo hili hutuponyoka, na ipo sababu. "Mke wangu anayeishi Tanga amepiga simu" inaweza kusemwa na mwenye mke mmoja au na mwenye wawili. Anayemjua msemaji ataelewa. Tukitaka kuchagua, tunatia kionyeshi: "yule mke wangu anayeishi Tanga", na hapo msikilizaji anahisi kwamba yupo mwingine. Kiingereza cha maandishi kimeuachia mkato kazi hiyo. "My wife who lives in Tanga has called" ni sentensi ya mume mwenye wake zaidi ya mmoja. Mwenye mmoja hana budi kuandika "My wife, who lives in Tanga, has called."

Kwa hiyo ile kanuni ya kuweka mkato pale unapovuta pumzi haifai hapa, na kwa maoni yangu ingeachwa kabisa madarasani. Soma kwa sauti: "The students who came late because the rain had cut the road were sent home." Pumzi inakuishia kabla ya "were". Ukitia mkato hapo, umekitenga kiima na kitenzi chake. Ukitia na mwingine kabla ya "who", umewarudisha nyumbani wanafunzi wote.

Kipimo bora ni kukifuta kishazi, kisha kujiuliza kama bado unajua anayesemwa ni nani. Ukimjua, weka mikato. Kipimo kingine ni "that": kishazi kinachoikubali, au kinachoweza hata kuidondosha kama katika "the book I bought", hakitaki mkato.

Kuhusu "which" kuna mvutano. H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, alipendekeza "that" ichague na "which" iongeze. Wahariri wengi wa Marekani wameshika hivyo. Waingereza wanaendelea kutumia "which" kwa kazi zote mbili, na hapo ni mkato peke yake unaobeba maana. Afrika Mashariki tumerithi Kiingereza cha Uingereza, kwa hiyo uzito huo unatuangukia sisi pia.

Majina ya pekee kwa kawaida hutaka mikato: "Kilimanjaro, which rises to 5,895 metres, draws climbers every year." Mlima ni mmoja, hakuna wa kuchagua. Lakini tazama "the Zanzibar that Barghash ruled from 1870 to 1888". Zanzibar ni moja, ila mwandishi ameigawa kwa nyakati: hii ni ya Barghash, si ya waliomtangulia wala ya waliomfuata. Ndiyo maana "the" imeingia mbele ya jina, na mkato hauna nafasi.