Pumba zenye ukungu si za kumtupia kuku wala ng'ombe



Ndugu msomaji, miezi michache iliyopita mama mmoja alimleta mwanawe zahanati akiwa na kikohozi. Tulipomaliza habari ya kikohozi nikamuuliza mtoto anakula nini, akajibu kwa furaha kuwa maziwa hayakosekani, kwani ana ng'ombe wawili uani. Nikamuuliza ng'ombe nao wanakula nini. Akanieleza kwamba pumba zimepanda bei mno, hivyo amepata magunia mawili ya mahindi yaliyonyeshewa, yamefanya ukungu, kauziwa kwa bei ya kutupa. "Daktari, yale binadamu huwezi kula, lakini ng'ombe hana tabu nayo," akasema. Na maziwa ya ng'ombe hao ndiyo anayokunywa yule mtoto, na yanayobaki yanauzwa kwa majirani.

Mama yule hana ubaya. Kauli yake nimeisikia mara nyingi, hata nyumbani kwetu nilipokuwa mdogo. Unga ukifanya ukungu, hautupwi, wanamwagiwa kuku. Tunaona tumeepuka israfu. Wiki hii naomba tuliangalie jambo hili kwa makini, kwa sababu chakula cha mifugo leo si habari ya mfugaji peke yake.

Sote ni mashahidi wa jinsi miji yetu ilivyokua. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Dar es Salaam ina watu milioni 4.4, na ile ya mwaka 2022 ikaikuta na watu milioni 5.4. Nchi nzima katika miaka hiyo kumi ilitoka watu milioni 44.9 hadi milioni 61.7. Watu hawa wanataka chipsi mayai asubuhi na jioni, wanataka kuku wa kisasa kwenye walima, na mwezi wa Ramadhani ukiingia mayai na maziwa ndiyo hayashikiki. Kuku wa kienyeji anayejitafutia jalalani hawezi kutosheleza soko hilo. Ndiyo maana vimejitokeza viwanda vikubwa vya chakula cha kuku, na pembeni yake mashine ndogondogo za kuchanganya chakula karibu kila mtaa wenye wafugaji.

Piga hesabu kidogo. Kuku mmoja wa mayai hula kiasi cha gramu 120 kwa siku. Mwenye kuku 500, ambaye mtaani tunamwita mfugaji mdogo, anahitaji kilo 60 kila siku, yaani mfuko wa kilo 50 na zaidi, na kwa mwezi mifuko 36. Kuku wa nyama mpaka afikie kilo mbili huwa amekula kilo tatu na nusu hadi nne. Chakula peke yake hubeba sehemu kubwa ya gharama zote za ufugaji, mara nyingi zaidi ya nusu. Kwa hiyo bei yake ikipanda, mfugaji hana pengine pa kubana isipokuwa hapo hapo.

Na bei hupanda kwa sababu tunagombea na kuku chakula kimoja. Ndani ya mfuko ule mna mahindi na pumba zake, mashudu ya alizeti au ya pamba, soya, dagaa, chokaa au mifupa iliyosagwa, chumvi, na mchanganyiko wa vitamini na madini. Mahindi na dagaa wa Ziwa Victoria ni chakula chetu sisi. Mvua zikiwa haba, kila mmoja anavuta kwake. Hapo ndipo inapofunguka biashara ya mahindi yaliyooza: yanayokataliwa na mnunuzi wa unga wa kula hayatupwi, yanapelekwa kwa msaga chakula cha kuku. Dagaa nao huuzwa wakiwa nusu yao mchanga. Tunayo Sheria ya mwaka 2010 ya nyanda za malisho na vyakula vya mifugo, yenye kusimamia ubora wa vyakula hivyo, lakini mashine ya uchochoroni inayochanganya kwa koleo sakafuni si rahisi mkaguzi kuifikia kila siku.

Sasa tuje kwenye ukungu wenyewe. Huko Uingereza mwaka 1960 walikufa bata mzinga zaidi ya laki moja bila ya ugonjwa uliojulikana. Wataalamu walipofuatilia wakakuta kwamba wote walilishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, na mashudu hayo yalikuwa na kuvu. Sumu ya kuvu huyo ndiyo iliyopewa jina la aflatoksini, nasi kwa Kiswahili tunaiita sumukuvu. Kwa maneno mengine, dunia iliifahamu sumu hii kupitia chakula cha mifugo.

Kuvu huyo hupenda mahindi na karanga zilizovunwa mbichi, zikaanikwa chini, zikahifadhiwa penye joto na unyevu. Sumu yake haina rangi wala harufu unayoweza kuitegemea. Gunia laweza kuonekana safi na likawa nayo. Haifi kwa kuchemsha, wala kwa kukaanga, wala kwa kuanika mahindi yakiwa tayari yameharibika. Hupiga ini. Ikiingia nyingi kwa mara moja mtu huumwa tumbo, hutapika, macho huwa ya manjano, tumbo na miguu huvimba, na wengi hawaponi. Mwaka 2004 Kenya, hasa sehemu za Makueni na Kitui, waliugua watu 317 na kufariki 125. Kwetu mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua watu zaidi ya 60, na takriban 20 kati yao wakafariki. Hao walikula mahindi yenyewe.

Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani ya ini, na hatari huwa kubwa zaidi kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Chanjo ya homa hiyo watoto wetu wanapata tangu mwaka 2002, alhamdulillah. Wengi wetu tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata.

Pengine utauliza: mnyama akila yeye, mimi nadhurika vipi? Ng'ombe akila chakula chenye sumu hii, ini lake huibadilisha kidogo na sehemu yake hutoka kwenye maziwa, ndani ya siku moja tu. Sehemu hiyo ni ndogo, kiasi cha asilimia moja hadi sita ya alichokula, lakini anayekunywa maziwa kwa wingi zaidi nyumbani ni mtoto, na ini lake ni changa. Kuchemsha maziwa huua vijidudu, na lazima uchemshe, ila sumu hii haiondoki. Kwenye mayai hupita kidogo sana kuliko kwenye maziwa. Kuku mwenyewe ndiye hupata hasara: hupunguza kutaga, hudumaa, kinga yake hushuka na maradhi humwandama. Hapo mfugaji hukimbilia dukani kununua dawa, na tatizo la pili huanza.

Jambo hili linanigusa kazini. Tetrasaiklini anayopewa kuku kwenye maji ni ndugu wa ile ninayomwandikia mgonjwa. Wafugaji wengi huwapa kuku dawa hizo kila wiki "kwa kinga", na baadhi ya unga unaouzwa kwa jina la vitamini za kuongeza mayai una antibayotiki ndani. Kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kula au kuuza mayai na nyama, zimeandikwa kwenye kifungashio. Nani husubiri, wakati trei zinadaiwa dukani? Vijidudu vikizoea dawa bandani, huja zahanati na mimi nikakosa cha kuvitibia. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku tangu mwaka 2006 kuweka antibayotiki kwenye chakula cha mifugo kwa ajili ya kukuza tu.

Hapa niseme neno juu ya uvumi wa kwamba kuku wa nyama huchomwa homoni ndiyo akue kwa wiki sita. Si hivyo. Hukua haraka kwa sababu ya mbegu iliyochaguliwa kizazi baada ya kizazi na kwa chakula kilichopimwa. Kumchoma sindano kuku mmoja mmoja mara kwa mara kungemfilisi mfugaji. Tuhofu yale yaliyopo.

Wasomaji wengine huuliza kuhusu damu iliyokaushwa na mabaki ya machinjio yanayotiwa kwenye chakula cha kuku. Waliopita madrasa wanakumbuka mlango wa jallala, mnyama anayekula najisi mpaka ikabadilisha nyama au maziwa yake. Wanazuoni wametofautiana katika hukumu yake baina ya karaha na katazo, na wengi wameangalia wingi wa najisi na athari yake. Imepokewa kwamba Ibn Umar alikuwa akimfungia kuku siku tatu kwa chakula safi kabla ya kumchinja. Mimi si mufti, swali la damu mpelekee sheikh wako. Ninachokiona kwa jicho la utabibu ni kwamba wazee wetu wa fiqhi walijua zamani kuwa anachokula mnyama hubaki ndani yake kwa muda, na kwamba akibadilishiwa chakula husafika.

Basi nyumbani fanya hivi. Mahindi yaanike juu ya turubai au mkeka, usiyamwage chini. Ukitaka kujua kama yamekauka, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa, kisha acha dakika chache. Chumvi ikiganda pembeni ya chupa, mahindi bado mabichi. Magunia yaweke juu ya chaga, mbali na ukuta. Chakula cha kuku nunua cha wiki mbili tatu tu, na ukikuta mabonge au uvundo, kirudishe dukani. Fahamu pia kuwa sumu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini cha mahindi. Ukikoboa gunia baya, sembe hupungua sumu na pumba hubaki nayo nyingi. Hizo pumba ndizo zinazopelekwa bandani. Anayechanganya chakula azibe pua na mdomo, na anawe mikono kabla ya kugusa chochote jikoni.

Yule mama nilimwambia aache kabisa mahindi yale, na maziwa ya siku nne za mwanzo asimpe mtoto wala asiyauze, kwani baada ya siku tatu nne za chakula kizuri sumu hupotea kwenye maziwa. Akaniuliza magunia ayafanyeje, nayo kayanunua. Nikamwambia achimbe shimo ayafukie, mbali na kisima, wala asimpe jirani. Alirudi baada ya wiki mbili kwa ajili ya kliniki ya mtoto. Gunia moja kalifukia. La pili aliyemuuzia kakubali kulirudisha, na akalichukua akalipeleka sipajui.