Taa za Kukaushia Rangi ya Kucha na Afya ya Ngozi

Tarehe 1 Septemba 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zilianza kutekeleza amri ya kukataza kemikali moja iliyokuwa ikitiwa katika rangi za kucha za aina ya jeli. Kemikali hiyo, ambayo jina lake refu hufupishwa kwa herufi TPO, ndiyo iliyokuwa ikipokea mionzi ya taa na kuifanya rangi laini igande na kuwa ngumu kama kioo. Majaribio juu ya wanyama yalikuwa yameonyesha kwamba inaweza kudhuru uzazi, na wakuu wa Ulaya wakaona heri kuiondoa sokoni kuliko kungoja madhara yathibitike kwa binadamu. Wako walioipokea habari hiyo wakadhani kwamba kilichokatazwa ni taa zenyewe. Sivyo. Taa zile zinaendelea kuwaka katika saluni za Paris na Roma kama zinavyowaka Bujumbura, Bukavu, Kigali na Kampala. Hata hivyo, swali lililowajia watu hao lilikuwa swali la haki: je, mionzi ya taa hizo inafanya nini katika ngozi ya mkono?

Ndugu msikilizaji, asiyepata kuingia katika saluni ya kucha hakosi mke, dada au binti aliyeingia. Mteja hupakwa rangi ya jeli, kisha hutakiwa kuingiza vidole ndani ya kijisanduku chenye mwanga wa zambarau. Akitoa mkono, hupakwa tabaka la pili na kuurudisha, halafu la tatu, wakati mwingine na la nne. Taa za kizamani, ambazo nyingi zina globu nne za wati 9 kila moja, huchukua dakika mbili hivi kwa kila tabaka. Zile mpya za LED humaliza kazi kwa nusu dakika au dakika moja. Rangi ikitoka humo haipanguki kwa majuma mawili au matatu. Hapana shaka kwamba ni uvumbuzi wa manufaa kwa mwanamke afuaye, apikaye na aoshaye vyombo, na tangu mwaka 2010 hivi umeenea duniani kote.

Mwanga ule wa zambarau tunaouona si wote unaofanya kazi. Mwaka 1801, katika mji wa Jena huko Ujerumani, mwanasayansi Johann Wilhelm Ritter aliutandaza mwanga wa jua katika rangi zake, akaweka chumvi ya fedha nje ya rangi ya mwisho, yaani ya urujuani, mahali ambapo jicho halioni kitu. Chumvi ile ikageuka nyeusi upesi kuliko mahali penye mwanga. Hiyo ndiyo mionzi iitwayo leo ya urujuanimno. Wataalamu wameigawa katika daraja tatu, A, B na C. Ya daraja la C huzuiwa na anga isitufikie. Ya daraja la B ndiyo inayoiunguza ngozi kwa maumivu. Ya daraja la A haiumi, bali hupenya ndani zaidi kuliko ya B, hadi tabaka la chini la ngozi, na kwa kuwa haiumi mtu huiruhusu ikae naye muda mrefu. Taa za kucha hutoa hasa mionzi hii ya A, na hata zile zinazouzwa kwa jina la LED huitoa, ijapokuwa wauzaji wengine huziita taa zisizo na mionzi. Mwaka 2009 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliiweka mionzi ya urujuanimno ya daraja zote tatu katika kundi la kwanza, kundi la vitu vilivyothibitika kuwaletea binadamu saratani.

Yafaa ikumbukwe kwamba ufundi huu wa kugandisha kitu laini kwa mwanga ulitumiwa na madaktari wa meno kabla ya mafundi wa kucha. Katika miaka ya 1970 walikuwa wakiziba meno kwa dawa iliyogandishwa na mionzi ya urujuanimno. Baadaye waliiacha, wakahamia mwanga wa buluu unaoonekana kwa macho, kwa sababu unafika ndani zaidi ya jino na kwa sababu ya usalama. Mafundi wa kucha wao wamebaki na mionzi ya urujuanimno, ama na mwanga ulio mpakani mwake.

Utafiti uliozusha mazungumzo mengi ulitolewa Januari 2023 na Chuo Kikuu cha California kilichoko San Diego, Marekani. Aliyeuongoza, Ludmil Alexandrov, alieleza kwamba wazo lilimjia akiwa kwa daktari wa meno, aliposoma gazetini habari ya msichana wa mashindano ya urembo aliyepatikana na saratani ya nadra katika kidole. Yeye na mwenzake Maria Zhivagui walichukua seli za panya na za binadamu, wakaziweka chini ya taa ya kucha. Dakika 20 za mara moja ziliua kati ya seli 20 na 30 katika kila 100. Vipindi vitatu vya dakika 20, kimoja baada ya kingine, viliua kati ya 65 na 70. Lakini jambo zito si zile zilizokufa. Seli iliyokufa imekwisha, haitakuwa saratani. Jambo zito ni zile zilizobaki hai zikiwa na vinasaba vilivyoharibika, yaani maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya kila seli, na uharibifu huo ukafanana na ule unaoonekana katika saratani za ngozi za wagonjwa. Bibi Zhivagui, ambaye mwenyewe alikuwa akipaka jeli, alisema kwamba aliacha baada ya kuyaona matokeo.

Magazeti mengi yaliishia hapo, na hapo ndipo wengi walipopata hofu kuliko maarifa. Seli zile zilikuwa katika sahani ya maabara, uchi, bila lile tabaka la juu la ngozi iliyokufa ambalo Mungu ametuvika. Tena hakuna mteja anayeweka mkono dakika 20 mfululizo. Kikao kizima kwa kawaida hakipiti dakika 10 za mwanga. Watafiti wenyewe walisema wazi kwamba ili kujua ni watu wangapi wataugua itabidi kuwafuatilia kwa miaka mingi, pengine kumi au zaidi. Wataalamu wengine wa Marekani walikwisha kupiga hesabu mwaka 2013 na kusema kwamba mtu angehitaji kwenda saluni kila juma kwa zaidi ya miaka 250 ili afikie hatari sawa na ya mgonjwa mmoja anayetibiwa maradhi ya ngozi kwa mionzi hospitalini. Na idara ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa inazihesabu taa hizi kuwa za hatari ndogo zikitumiwa kama maelekezo yanavyosema.

Sasa tumwamini nani? Kwa maoni yetu pande zote mbili zasema kweli, ila maneno “kama maelekezo yanavyosema” ndiyo yanayobeba mzigo wote. Mwaka 2014 madaktari wa Augusta, katika jimbo la Georgia, walitembelea saluni 16 na kupima taa 17. Waliona tofauti kubwa ajabu. Kwa taa nyingine, mteja angefikia kiwango kinachoweza kuharibu vinasaba baada ya kwenda saluni mara 8. Kwa nyingine, baada ya mara 208. Nao walihitimisha kwamba hatari ni ndogo. Lakini mwanamke anayeketi mbele ya kijisanduku hana njia ya kujua kama mbele yake iko taa ya mara 8 au ya mara 208. Hayo yalikuwa Marekani, nchi yenye wakaguzi na maabara. Taa zinazofika katika masoko yetu, nyingine hazina hata karatasi ya maelezo, na zenye karatasi imeandikwa kwa lugha ambayo fundi haisomi.

Wako watakaosema kwamba saratani ya ngozi ni ugonjwa wa Wazungu. Hoja hiyo ina ukweli wake. Utafiti uliofanywa Marekani mwaka 1979 ulionyesha kuwa ngozi nyeusi, kwa ajili ya melanini yake, huikinga miili yetu dhidi ya mionzi ya B karibu mara nne kuliko ngozi nyeupe inavyoweza. Basi kwa mwanamke mwenye ngozi nyeusi anayekwenda saluni mara moja moja, hatuoni sababu ya kumnyima usingizi. Lakini kinga hiyo kuna waliozaliwa bila kuwa nayo, na kuna wanaoinunulia dawa ya kuiondoa.

Wa kwanza ni ndugu zetu wenye ualbino. Katika Afrika ya Mashariki saratani ya ngozi imewaua wengi wao wakiwa bado vijana, na kazi ya kuwakinga si ndogo: huko Moshi, Tanzania, chini ya Mlima Kilimanjaro, yanatengenezwa mafuta maalumu ya kuwakinga na jua. Msichana mwenye ualbino ambaye amevaa mikono mirefu na kofia pana tangu utoto, akaingia saluni siku ya arusi ya dada yake na kuweka vidole wazi chini ya taa, anaipeleka mikono yake kwa adui aliyekuwa akimkimbia. Kwake shauri letu ni moja: apake rangi ya kawaida inayokauka kwa hewa.

Wa pili ni watumiaji wa mkorogo. Mafuta yenye zebaki au haidrokwinoni huizuia ngozi isitengeneze melanini, na vifundo vya vidole na mgongo wa kiganja ni mahali ambapo watumiaji wengi huyapaka. Mikono hiyo hiyo ndiyo inayoingia ndani ya taa. Waongezwe pia wale wanaomeza dawa zinazoifanya ngozi iwe dhaifu mbele ya mionzi, kama vile doksisaiklini, ambayo wasafiri hupewa kujikinga na malaria, na baadhi ya vidonge vya shinikizo la damu. Fundi wa kucha hana desturi ya kuuliza mteja anatumia dawa gani. Afadhali mteja mwenyewe amwulize daktari.

Kuna jambo jingine ambalo halitokani na taa, lakini jeli hulificha. Watu weusi wakipata saratani kali ya ngozi, mara nyingi huwapata mahali pasipo na jua: nyayoni, viganjani, au chini ya ukucha. Mwanamuziki Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981, ugonjwa wake ulianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Dalili yake huweza kuwa mstari mweusi katika ukucha. Wengi wetu tuna mistari ya namna hiyo tangu zamani, nayo haina neno. Unaotia shaka ni ule mpya wa kidole kimoja, unaopanuka au kuvuka kuingia katika ngozi. Mwanamke ambaye kucha zake hazikai wazi hata siku moja kwa mwaka mzima atauonaje?

Na fundi mwenyewe je? Mkono wake hauko ndani ya taa, lakini kutwa anashika jeli mbichi, na jeli mbichi ina kemikali za akrileti ambazo huleta mzio: vidole huwasha, hupasuka, hata kope huvimba. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa ngozi wa Uingereza kilitoa onyo baada ya kuona kwamba watu 2.4 katika kila 100 waliopimwa walikuwa na mzio wa kemikali za jamii hiyo. Mzio huo ukishaingia kwa kawaida hautoki, na kemikali za jamii hiyo hiyo zimo katika dawa za kuzibia meno na katika saruji ya mifupa inayotumiwa na wapasuaji. Hapa pana mtego ambao wengi hawaujui. Mteja anayeogopa mionzi akatoa mkono kabla ya wakati, au fundi anayetumia taa isiyolingana na jeli yake, huiacha jeli bila kuiva, na jeli isiyoiva ndiyo inayoleta mzio. Kwa hiyo kupunguza dakika si dawa.

Dawa iko kwingine, nayo si ghali. Madaktari wa ngozi wa Marekani hushauri kuvaa glavu nyeusi nzito zilizokatwa ncha, zikaacha kucha peke yake, au kupaka mafuta ya kukinga jua ya nguvu ya 30 au zaidi kabla ya kuketi. Saluni yaweza kuweka glavu hizo kama inavyoweka taulo.

Kwa upande wa serikali zetu, jambo la kuangaliwa ni bandari na mipaka. Tangu mwaka 1976 sheria ya Ulaya ilikataza zebaki katika vipodozi, na bado kwa miaka mingi baadaye sabuni za zebaki ziliendelea kutengenezwa huko huko Ulaya na kusafirishwa kuja kuuzwa Afrika. Chupa za jeli yenye TPO ambazo haziruhusiwi tena kuuzwa Ulaya zitatafuta mnunuzi mahali fulani, na bei yake itakuwa rahisi. Mashirika yetu ya viwango yanaweza kudai kwamba kila chupa iandikwe kilichomo, na kila taa iandikwe nguvu yake kwa wati, urefu wa mawimbi ya mwanga wake, muda wa kila tabaka na jeli inayopatana nayo, kwa Kiswahili au kwa lugha nyingine ambayo fundi anaisoma.