Merikebu ya Angani na Milima ya Ubwari

Mwaka 1858, Richard Burton na mwenzake John Speke, walipokuwa wakivushwa kwa makasia kutoka Ujiji kuelekea kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, waliipita rasi ya Ubwari, na Burton akaiandika kuwa ni kisiwa, ingawa mvuvi yeyote wa ghuba ile, ambayo ramani za Wazungu hadi leo zaiita kwa jina la huyo huyo Burton, angaliweza kumwambia kwamba huko watu hufika kwa miguu bila kulowa. Kosa hilo lilisahihishwa na wasafiri wa baadaye. Ama vipimo vya miinuko ya nchi yetu, kuanzia mgongo wa Ubwari hadi vilele vya Itombwe, vilivyochukuliwa kwa kipimo kimoja pamoja na sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia, vilipatikana Februari 2000, na waliovichukua walipita juu yetu katika merikebu ya angani iitwayo Endeavour.

Endeavour ilikuwa ya mwisho kuundwa kati ya merikebu tano za Marekani zilizobuniwa kuruka na watu, kurejea zikitua mfano wa ndege, kisha kuruka tena. Rais Nixon aliporidhia mradi huo tarehe 5 Januari 1972, hoja iliyotangulizwa ilikuwa ya iktisadi: roketi itupwayo baada ya safari moja ni israfu, na chombo kirudicho kitaifanya safari ya angani kuwa rahisi na ya kawaida, hata wataalamu wakataraji safari makumi kwa mwaka. Columbia ilifungua njia tarehe 12 Aprili 1981, ikiwachukua John Young na Robert Crippen. Lakini mwaka 1985, uliokuwa na safari nyingi kuliko miaka yote, zilifanyika 9 tu. Tangi kubwa la nje lilipotea kila safari, na vigae vya kukinga joto, zaidi ya 20,000, vililazimika kukaguliwa kila chombo kiliporudi, kazi ya mikono na ya subira iliyokula fedha na miezi. Fauka ya hayo, Challenger ilisambaratika mwaka 1986, sekunde 73 baada ya kuruka, na Columbia yenyewe ikavunjika mwaka 2003 ilipokuwa ikirejea. Roho 14 ziliangamia.

Wapo waliochagua njia ya kinyume, tena humu nchini, kusini mwa Fizi kwetu. Kampuni ya Kijerumani OTRAG, ya mhandisi Lutz Kayser, ilikodishiwa na serikali ya Rais Mobutu mwaka 1976 eneo la takriban kilomita za mraba 100,000 kaskazini mwa mkoa wa Shaba, nayo ikajenga kituo chake juu ya bonde la mto Luvua. Kayser hakutaka chombo cha kurudi. Alitaka roketi za mabomba ya chuma yaliyofungwa pamoja, rahisi hata vali zake zikafunguliwa kwa mota za kufutia vioo vya magari, zitumike mara moja na kuachwa. Ya kwanza iliruka vema Mei 1977. Ya tatu, Juni 1978, ilishindwa mbele ya macho ya Mobutu mwenyewe. Umoja wa Kisovieti ulilalamika kwamba hayo ni makombora ya vita, na mwaka 1979 kampuni ikaamriwa kufunga virago.

Endeavour, kwa siku zake 11 za Februari 2000, ilikuwa na watu sita na rada yenye antena mbili, moja ndani ya chombo na ya pili kwenye ncha ya mlingoti wa mita 60, zikiupima umbali kwa pamoja kama yapimavyo macho mawili ya binadamu. Mawimbi ya rada hupenya mawingu, neema kubwa kwa milima ya Itombwe ambayo picha za kawaida aghalabu huikuta imefunikwa. Hata hivyo, msitu mnene huyazuia, na kwa hiyo palipo na miti mirefu urefu uliopimwa hukaribia vilele vya miti kuliko udongo.

Mradi wa merikebu zile ulikoma Julai 2011 baada ya safari 135, na Endeavour imewekwa katika jumba la sayansi huko Los Angeles. Buran, merikebu ya Warusi ya mfano huo huo, iliruka mara moja tu, mwaka 1988, bila mtu ndani, ikaja kupondwa na paa la banda lake mwaka 2002. Leo vyombo vya Marekani viitwavyo Dragon hurudi baharini kwa miavuli na kutumika tena. Havina mabawa, na kwa maoni yangu huo ndio uhodari wake.

Ahadi ya urahisi, basi, haikutimia. Lakini vipimo vile, ambavyo kwa miaka mingi sisi tulipewa vya nukta moja kila mita 90 tu huku Marekani ikijiwekea vya kila mita 30, vilifunguliwa kwa wote kuanzia 2014, Afrika ikitangulizwa. Walimu wa jiografia wa Baraka na Fizi, vipakueni, hamtadaiwa senti. Wafundisheni watoto miinuko ya nchi yao.