Ben Affleck na filamu za uhalifu: Hung'ara zaidi akibaki nyuma ya kamera

MWIGIZAJI anapotangaza kwamba sasa ataongoza filamu, wapenzi wa sinema huguna. Wengi hudhani ni majivuno ya mtu maarufu aliyechoka kuelekezwa na wengine. Ben Affleck wa Marekani alikuwa na sababu ya kugunwa zaidi ya wenzake, kwani alipoingia katika kazi hiyo mwaka 2007 jina lake lilikuwa limechujuka, hasa baada ya filamu ya Gigli ya mwaka 2003 kuzomewa na wahakiki na kukosa watazamaji.

Filamu zake nne za uhalifu na taharuki, yaani Gone Baby Gone (2007), The Town (2010), Argo (2012) na Live by Night (2016), zinatoa nafasi nzuri ya kuchunguza ni nini hasa mwigizaji huongeza anapokabidhiwa hadithi ya namna hiyo. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, huongeza subira. Humwacha mwigizaji mwenzake amalize tendo lake bila kukatizwa, na mtazamaji huiona hofu usoni mwa mtu kabla ya kusikia mlio wa bunduki. Taabu huanza pale mwongozaji anapojipa yeye mwenyewe nafasi ya mhusika mkuu.

Gone Baby Gone inatokana na riwaya ya Dennis Lehane, na inahusu mtoto wa kike wa miaka minne, Amanda, anayetoweka katika mtaa wa Dorchester mjini Boston. Affleck alikulia Cambridge, ng'ambo ya mto kutoka Boston, na aliwaingiza wakazi halisi wa mji huo katika picha zake. Matokeo yake yanaonekana: watu wa barazani na wa kwenye baa hawafanani kabisa na watu waliotoka kupakwa poda. Yeye mwenyewe haonekani. Nafasi ya mpelelezi Patrick Kenzie alimpa mdogo wake, Casey.

Asiyetaka kujua mwisho wa filamu hiyo na aruke aya mbili zinazofuata.

Patrick anagundua kwamba Amanda hakuuawa. Amechukuliwa na Doyle, mkuu wa polisi anayeigizwa na Morgan Freeman, ambaye aliwahi kupoteza mtoto wake na sasa anamlea binti huyo kwa mapenzi. Mama mzazi, Helene, ni mtumiaji wa dawa za kulevya asiyejali. Je, Patrick awaite polisi, au anyamaze? Mwenzake katika kazi na katika mapenzi, Angie, anamsihi anyamaze. Patrick anapiga simu, Doyle anakamatwa, Angie anaondoka, na mtoto anarudishwa kwa mama yake.

Kisha linakuja tukio la mwisho, ambalo halina hata kofi moja. Helene anajipamba aende kustarehe na hajatafuta mtu wa kumwangalia mwanawe. Patrick anajitolea kubaki. Anapomuuliza mtoto kuhusu mwanasesere wake, anatambua kwamba jina ambalo mama alilitaja wakati wa msako silo. Mama hakulijua. Mtu na mtoto wanabaki wameketi mbele ya televisheni, na Affleck hatuambii nani alikuwa sahihi. Mwandishi huyu anaamini Patrick alitenda haki, kwani mkuu wa polisi akiruhusiwa kuchagua mtoto gani achukuliwe kwa nani, hakuna mzazi maskini atakayelala usingizi. Lakini ni imani inayoyumba kila filamu inapotazamwa upya, na hiyo ndiyo nguvu yake. Amy Ryan, aliyeigiza kama Helene, aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

The Town, iliyotoka miaka mitatu baadaye, inawahusu majambazi wa benki wa Charlestown, mtaa mwingine wa Boston. Affleck ni Doug, jambazi anayempenda Claire, meneja wa benki ambaye kundi lake lilimteka. Claire amemweleza Doug kwamba aliona mchoro kwenye shingo ya mmoja wa watekaji. Siku moja wawili hao wameketi mkahawani, mara anatokea Jem, mwenye shingo hiyo, anavuta kiti na kuketi. Jeremy Renner, aliyeigiza kama Jem, anatabasamu na kuuliza maswali ya kirafiki. Anachotakiwa kufanya ili wote waangamie ni kugeuka tu. Filamu ina misako ya magari na mapambano ya risasi hadi ndani ya uwanja wa Fenway Park, lakini hakuna sehemu inayotisha kama mkahawa ule. Renner naye aliteuliwa kuwania Oscar.

Udhaifu wake uko kwa Doug. Jambazi huyu ni mpole mno, mwenye huruma mno, na hatimaye anapata njia ya kutoka ambayo wenzake hawakupewa. Mwongozaji asiye mwigizaji wake mwenyewe huenda angekuwa mkali zaidi.

Argo haikuhusu uhalifu wa mitaani bali kutoroshwa kwa Wamarekani sita kutoka Iran mwezi Januari 1980. Ilishinda Oscar tatu, ikiwamo ya filamu bora, ingawa Affleck mwenyewe hakuteuliwa katika kundi la waongozaji. Inasisimua, japokuwa ule ukimbizaji wa ndege uwanjani ni wa kubuni. Watu wale walipanda ndege bila kukimbizwa.

Live by Night ilirudi kwa Lehane, lakini Affleck alikuwa mwongozaji, mwandishi wa muswada na mhusika mkuu kwa pamoja. Suti ni nzuri, magari ya kale yanang'aa, na katikati yake kuna jambazi ambaye uso wake hausemi kitu. Filamu iliingia hasara.

Kwa msomaji anayetaka kuanza na mojawapo, aanze na ile ya mwaka 2007, asiitazame pamoja na watoto, na awe na mtu wa kubishana naye ikiisha.