Zamu ya Usiku Magara

Aondokaye Bujumbura kwa barabara ya Rumonge hulikuta kwanza jiwe la Mugere, lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Mwishoni mwa kiangazi niliwasimamisha wanangu watatu mbele yake, nikawasahihisha kosa linalorudiwa hata na watu wazima: mabwana hao hawakukutana hapo. Walikutana Ujiji, kisha wakapanda kaskazini kwa mtumbwi ili wajue kama mto Rusizi hutoka ziwani au huingia, wakaona kwamba huingia.

Katika safari hiyo, walipolala kwenye pwani ya Urundi, wezi waliujia mtumbwi usiku wakachukua risasi 500, kamba ya kupimia kina, unga, na sukari yote ya Livingstone. Walinzi walikuwa Bombay na Susi, nao walikuwamo mtumbwini, wamelala. Stanley aliyaandika hayo kwa kejeli kubwa. Kijana wangu mkubwa alicheka sana. Nami, kwa mazoea ya kazi, nikatoa hotuba ndefu juu ya mlinzi asinziaye.

Jioni tukapiga hema Magara, baada ya kumwarifu mkuu wa kilima. Mvuvi mmoja mzee alilitazama hema akasema, "Afande, sogeza juu. Upepo wa msimu huu huamka usiku." Nilimshukuru, nikaliacha palepale. Mchanga ulikuwa mkavu, na jua lilikuwa likizama nyuma ya milima ya Kongo. Tukala mukeke wa kuchoma, nikapanga zamu. Mke wangu na kijana walilinda hadi saa nane. Zamu ya mwisho niliishika mwenyewe, kando ya moto.

Niliamshwa na sauti ya mke wangu: "Baba watoto, maji!" Mawimbi yalikwisha kuingia hemani. Kitinda mimba wetu, mwenye miaka minne, alikuwa angali amelala juu ya mkeka uliokwisha kuanza kuelea. Tulimnyakua, tukakokota hema gizani hadi kwenye michikichi. Sufuria na kiatu changu kimoja vilikwenda na maji.

Sikupata usingizi tena. Nilimfikiria Susi, ambaye baada ya Livingstone kufa mwaka 1873 alikuwa miongoni mwa waliouchukua mwili wake kwa miguu hadi Bagamoyo. Sehemu hiyo sikuwasimulia watoto pale jiweni.

Alfajiri mzee yule alipita na sufuria yetu mkononi. Aliiweka chini, akatuamkia, akaenda zake.