Je, Wajua? Kipanya chako kina kamera

Chini ya kipanya cha kompyuta kisicho na waya kuna kamera. Ni ndogo mno na picha zake hazina rangi, lakini hupiga zaidi ya 1,000 kila sekunde! Kila picha hulinganishwa na iliyotangulia, na tofauti iliyopo ndiyo inayosogeza mshale kwenye skrini. Kinachopigwa picha ni mikwaruzo na vinyweleo vya meza ambavyo jicho lako halivioni. Ndiyo maana vipanya vingi hugoma juu ya kioo safi. Ukienda kununua, kijaribu kwanza juu ya kioo cha kaunta, kisha juu ya karatasi.

Kile kipokezi kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta kwa kawaida hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yale yale ya Wi-Fi na ya oveni ya maikrowevu. Mshale ukirukaruka, kihamishe mbali na diski ya nje ya USB 3.0. Diski hiyo hutoa kelele za redio kwenye masafa hayo hayo.

Betri moja ya AA yaweza kudumu miezi mingi, kwa kuwa kipanya husinzia kila unapokiacha. Kwenye begi hakisinzii vizuri, kwani kila mtikisiko hukiamsha. Kizime.

Kipanya cha kwanza kilikuwa kisanduku cha mbao chenye kitufe kimoja na magurudumu mawili ya chuma. Douglas Engelbart alikibuni, Bill English akakiunda, California, 1964.